Mistari Miwili ya Setaria

Shangazi yangu Adelaïde hakai kitako. Nasema mapema ili mtu asije akadhani namsengenya. Nampenda, ndiye aliyenilea, lakini kuishi naye ni kuishi na mtu anayefunga kitenge kila asubuhi kama gari linamwacha. Vita vilipotufukuza Karuba tukafika Walikale, nikaanza kuuza mawese kando ya barabara, kwa watu wanaokwenda machimboni Bisie na wanaorudi. Yeye alitakiwa kunisaidia. Kunisaidia wapi! Ukimwacha na bidoni, dumu la mafuta, ukaenda kutafuta chenji, ukirudi unalikuta bidoni peke yake, na shangazi yuko ng'ambo ya barabara ameinama, anang'oa nyasi.

Hakuwa analima. Alikuwa anazikagua. Anaivuta moja, anaitazama mguu, anaipasua kwa kucha, ananusa, halafu anaitupa kwa dharau. "Hii haiko yenyewe," anasema. "Na hii hapana." Dereva mmoja wa moto, yaani pikipiki, aliniuliza kama mama yangu anatafuta dawa. Nikamwambia anatafuta nyumbani. Akacheka, akalipa mawese yake, akaenda.

Wacha niieleze hiyo nyasi, maana kisa chote kimetoka kwake. Sisi tunaiita setaria. Wazee walikuwa na jina lao la Kihunde, lakini tangu maagronome, wale mabwana shamba, wapite na viatu vyao vya mpira kila mtu anasema setaria, hata bibi asiyejua kusoma. Si wao walioileta. Iko kwenye milima yetu tangu zamani, wao walitufundisha tu kuipanga kwenye mistari. Haitambai kama ile nyasi ya malishoni inayofunika kila kitu. Inasimama kwa mashina, na ukipanda shina mahali litakaa hapo hapo mpaka wewe uzeeke. Mguu wake umebanwa, bapa, kama mtu ameukandamiza kwa vidole viwili, na chini una wekundu. Jani lake ni laini, halikukwaruzi kama matete. Ikichanua, inatoa kichwa cha rangi ya kahawia, kirefu na chenye manyoya, kama mkia wa paka. Lakini shangazi hangoji ichanue. Anashika mguu tu.

Na kazi yake? Kwanza inashika udongo. Mvua ya kwetu Masisi ikishuka mlimani bila kukuta mstari wa setaria, asubuhi udongo wako uko kwa jirani wa chini, na hatakurudishia, atakuambia ni Mungu. Pili, ng'ombe wa maziwa wanaipenda, watu wa Mushaki wanaikata mafungu kwa mafungu. Ndama wanailalia. Tunaitandaza kati ya maharage isiote magugu, tunafungia mizigo ya kuni, tunazibia paa wakati bati halipo. Na mwisho, kwa sababu haihami, tunaipanda kwenye mipaka. Wakigawana shamba, pande mbili zinaleta mashina yao, wanapanda pamoja, kila mtu anamwona mwenzake akipanda, na yakishaota hayo njo, yaani ndiyo, mpaka. Hakuna karatasi.

Pale Karuba mashina yalitoka kwa shangazi. Yeye ndiye aliyejua kuyapasua bila kuyaua, wapi pa kukata, mizizi mingapi ya kuacha. Mtu akitaka mstari anakuja na kikapu na kisu, anampigia hodi. Nadhani nusu ya nyasi iliyopangwa kwenye ule mlima ilipita mikononi mwake.

Sasa jambo lenyewe. Shangazi hana mtoto. Hana ng'ombe. Alikuwa na mume, Omer, aliyekufa kabla hatujakimbia, na alikuwa na shamba. Shamba lenyewe limeinama vibaya, ukiangusha kiazi utakiokota kwa watu. Lakini juu yake kuna kipande cha tambarare, udongo mweusi, mzuri, na hapo ndipo tulipomzika Omer, niliyemwita baba. Hapo tu ndipo nyumba inaweza kusimama; ile ya zamani kule chini ilisukumwa na udongo kila mvua, mpaka vita vikaichoma. Kwa miaka yote ya Walikale, shangazi alikuwa na wazo moja: atarudi, atajenga pale karibu na mume wake, atakufa pale. Ukimwambia habari nyingine anakuitikia tu "ndiyo, ndiyo" huku macho yako barabarani.

Barabara ilipofunguka kidogo, akaja Papa Séraphin, mfanyabiashara wa Butembo anayenunua maharage Mushaki na kuyaleta kwetu kwa Fuso. Mtu mzuri, Mkatoliki wa kweli, hapiti bila kusalimia. Tulikuwa tunakula. Akasimama mlangoni akiwa na kofia mkononi.

"Mama Adelaïde, nilipita kule kwenu. Jirani yenu Jean-Bosco amelima."

"Alime. Iko na shamba yake."

"Amelima mpaka kwa kaburi, mama."

Shangazi aliinuka na bugali mkononi. Hakunawa. Aliingia chumbani, akatoka na kitambaa kichwani na mfuko ameutupa begani, akaniuliza mimi ninangoja nini. Eeh! Kana kwamba nilikuwa nimefunga mzigo tangu jana. Nikamwambia mawese je? Akasema mawese hayaozi. Basi nikampa jirani mabidoni yangu, huku namtukana Jean-Bosco na ukoo wake wote kimoyomoyo, na kesho yake tukapanda moto.

Sitaeleza ile safari, matope yanatosha kuelezwa na waliokaa ndani yake. Nitasema tu kwamba kila dereva aliposimama kusukuma, shangazi alishuka kwenda kuchunguza nyasi. Dereva akanung'unika. Mimi nikanung'unika zaidi. Msitu ulikuwa unatufuata, unatufuata, mpaka tulipopita Nyabiondo milima ikaanza kufunguka, na hapo nikasikia kelele mgongoni mwangu. Nilidhani ameungua na eksosi. Kumbe ameona setaria ya kwanza kwenye ukingo wa barabara. Alimpiga dereva bega mpaka akasimama. Akashuka, akaushika mguu wa ile nyasi, akaupasua, akanionyesha wekundu wake huku anacheka. Mimi nilikuwa na njaa, makalio yananiuma, na moyo haukutulia kwa sababu ya watu wenye bunduki tuliowapita na tutakaowapita. Sikucheka. Nilimwambia apande.

Karuba ilikuwa imevaa majani. Miaka bila jembe, ng'ombe wakipita wanavyotaka. Nyasi ya malishoni ilikuwa imefunika njia, imefunika majivu ya nyumba yetu ya zamani kule chini. Lakini juu, pale tambarare, maharage ya Jean-Bosco yalikuwa kijani, safi, yamepaliliwa. Yalizunguka kaburi la baba Omer pande zote. Kaburi lenyewe hakuligusa, nikiri ukweli. Lakini hasira ilinipanda mpaka masikio yakalia.

Jean-Bosco alikuwa shambani na mkewe Gentille. Nilikuja nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Yeye akafuta mikono kwenye suruali, akaja kumpa shangazi mkono, akamwuliza habari za Walikale. Hilo ndilo linaloudhi kwa watu kama hao, hawakupi nafasi.

"Papa Jean-Bosco," nikasema, "unalima kwa shamba ya wenyewe."

"Hapana, dada. Nalima kwa yangu."

Akaonyesha chini, kwenye ukingo ambapo tambarare inaanza kuinama. "Mpaka njo ule. Baba yangu alinionyesha."

"Mpaka uko juu!" nikapiga kelele. Na kweli, juu ya maharage, mahali mlima unapoanza kupanda tena, kulikuwa na mstari wa setaria, mrefu, unaonekana hata na kipofu. Mimi nimekua nikiuona. Kila msimu tulilima mpaka pale tukasimama. "Ule njo mpaka. Muulize muntu yeyote!"

Akasema hata chini kuna mstari. Nikasema muongo. Akasema twende tuangalie. Tukashuka, tukafunua ile nyasi inayotambaa, na ndani yake kulikuwa na mashina ya setaria kweli, mafupi, yametafunwa na ng'ombe, lakini yamepangwa, moja baada ya jingine. Aka! Mistari miwili, na kati yao udongo wote mzuri, na kaburi.

Wakamwita kapita wa mtaa, mzee anayeamua mashauri, Papa Esdras. Alikuja na watu wengine, maana pale kwetu ugomvi wa shamba hauna tiketi, kila mtu anaingia. Nilieleza mimi. Akaeleza Jean-Bosco. Gentille naye akaeleza. Shangazi hakukaribia. Alikuwa anatembea, anakwenda na kurudi pembeni mwa maharage, anafunga kitambaa, anakifungua. Kapita akatusikiliza mpaka mwisho, akatema mate.

"Baba ya Jean-Bosco, ule muzee, alikufa," akasema. "Papa Omer alikufa. Wale walipanda nao wamebaki kwa majina tu. Basi mustari ya zamani njo mpaka. Ile ingine muntu aliiongeza. Munakubali?"

Jean-Bosco akakubali. Mimi nikakubali haraka, mbele ya wote, kabla hajabadilisha.

"Sasa nani atajua gani njo ya zamani?"

Watu wakatazamana. Halafu mmoja mmoja macho yakaenda kwa shangazi, aliyekuwa bado anatembea. Kapita akajikuna kichwa kwa sababu hata yeye aliona jambo lilivyopinda, mwenye kesi ndiye awe hakimu. Lakini Jean-Bosco ndiye aliyesema.

"Mama Adelaïde atazame. Kama anasema ni ya juu, mimi naondoka leo."

Yesu wangu! Nilijiziba mdomo kwa kitenge nisicheke. Nilisema moyoni, huyu mtu ni mjinga kiasi gani? Ametupa shamba mwenyewe, na nyumba, na kaburi, kwa mkono wake. Nilianza hata kufikiria mlango utazame upande gani.

Nieleze kidogo jinsi setaria inavyozeeka, maana hili shangazi alinifundisha nikiwa mdogo. Haizeeki kutoka pembeni. Inazeeka kutoka katikati. Vichipukizi vipya vinatoka nje, vile vya kwanza vinakufa ndani, na shina linapanuka hivyo mwaka hadi mwaka mpaka linakuwa duara lenye shimo. Shina jipya lina moyo uliojaa. La miaka mingi moyo unaanza kuoza. La zamani kabisa limekuwa pete, unaweza kuingiza ngumi usiguse jani.

Shangazi akapanda kwenye mstari wa juu. Akapiga magoti, akafungua nyasi kwa mikono miwili. Nikaona amebaki vile. Akaliacha hilo, akaenda la pili, akafungua. La tatu. Akaanza kwenda haraka, anaruka mengine, anarudi kwa aliyoyaruka, anafungua tena kama mtu aliyepoteza ufunguo kwenye mfuko wake mwenyewe. Watu walikuwa wanamfuata kwa macho. Nami nilikuwa nimesimama karibu, nikaona. Mioyo mingine ilikuwa bado imejaa, mingine imeanza tu kuoza, na hakukuwa na hata pete moja.

Akashuka. Alipita maharage bila kuyakanyaga, hata kwa haraka ile hakukanyaga hata moja. Kule chini akalala kabisa kwenye nyasi, akaondoa ile inayotambaa kwa kucha, akaingiza mkono ndani ya shina la kwanza. Mkono ulizama mpaka kwenye kifundo. Akauacha humo ndani. Nilikuwa nimesimama juu yake, nikauona mgongo wake unapanda na kushuka.

Nikainama, nikajifanya namsaidia kuinuka. "Shangazi," nikamnong'oneza, "hakuna mwingine anajua. Sema ya juu. Sema tu."

"Mimi njo nilizipasua," akasema.

"Nini?"

"Zile za juu. Omer aliniomba. Ule mwaka mvua ilitubebea maharage yote, baba ya Jean-Bosco alitusaidia, akatuazima hii kipande tulime kidogo. Omer akasema udongo wa muntu usipotee kwa mikono yetu. Akapanda mustari pale juu ikamate maji. Nilimubebea mashina kwa mugongo. Miye mwenyewe, Noëlla."

"Na ulijua siku zote hizi?"

"Nilijua. Hapana. Sikujua." Alikuwa bado ameacha mkono ndani. "Muzee alikufa, hatukurudisha, hakuna alituuliza. Tukalima. Halafu tukamuzika Omer pale, na nikasahau. Nimesahau mpaka huu mukono umeingia."

Nilitaka kumziba mdomo, naapa. Kosa gani hili? Mtu anaazimwa shamba, anapanda nyasi ili kulitunza la mwenzake, na kwa sababu kwetu nyasi iliyopangwa ni mpaka, baada ya miaka wote wanaitazama na kusema mpaka. Baba Omer hakuiba kitu. Wema wake ndio ulioiba. Na huyu shangazi yangu aliyekaa Walikale miaka akiwa kama mtu mwenye siafu miguuni, kwa sababu ya kipande kimoja tu cha ardhi, alikuwa na neno moja la kusema, na watu wote wangemwamini.

Akasimama. Magoti yake yalikuwa meusi.

"Papa Esdras," akaita, kwa sauti ili wote wasikie. "Mpaka njo hii ya chini. Ile ya juu tulipanda sisi, kwa shamba ya baba ya Jean-Bosco. Alituazima. Hatukurudisha. Leo namurudishia mutoto yake."

Gentille alikuwa ameshika kiuno, akakiachia. Mimi nililia, nisidanganye, nililia kwa hasira mbele ya watu, nikamwambia shangazi maneno ambayo sitayaandika hapa. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa.

Jean-Bosco akavua kofia. "Mama, kaburi ya Papa Omer haitatoka. Utakuja wakati unataka. Na ile mustari ya juu ibakie, iko inanikamatia udongo."

Hapo ningesema asante, tukaenda zetu. Shangazi akatikisa kichwa.

"Haitabakia. Naing'oa."

"Mama, kwa nini? Haina shida."

"Jean-Bosco, leo miye na weye tunajua. Kesho tutakufa. Watoto yako wataona mistari mbili. Watoto wa huyu Noëlla watakuja, wataona mistari mbili, na wataambiwa babu yao iko amelala katikati. Weye uko Masisi, unajua watachukua nini kwa mukono, na si jembe." Akaonyesha mlima wa juu. "Panda matete pale. Matete itakamata udongo vilevile, na hakuna muntu ataona matete akasema mpaka."

Kapita akasema, "Mama amesema." Gentille akaenda kuleta jembe lake, shangazi akalichukua, akapanda.

Nilikaa chini, nikaapa sitagusa kitu. Nilimtazama akichimba shina la kwanza, analizungukia, anakata mizizi kwa mpangilio ule ule wa kupanda, kwa sababu hata katika kung'oa hakuweza kuiua ile nyasi. Anatikisa udongo urudi shambani kwa Jean-Bosco, analaza shina pembeni. La pili. La tatu. Ni mzee. Alikuwa anahema. Jean-Bosco alijaribu kumpokea jembe, akakataa. Mwisho hata mimi nikachoka kukaa, nikainuka nikaanza kubeba mashina kuyateremsha upande wetu, kwenye ule mteremko uliobaki, ambapo hata mbuzi anatafuta pa kushika. Yalikuwa mazito, yanatoa harufu ya udongo uliolowa. Gentille akaja kubeba na mimi.

Shina la mwisho lilikuwa karibu na kichwa cha kaburi, kwenye kona mstari unapoishia. Lilikuwa kubwa kuliko mengine, na lilikuwa limeanza kuchanua. Nikasimama mbele yake.

"Hili basi uliache, shangazi. Moja tu. Kwa ajili yake."

"Hili njo la kwanza muntu ataona," akasema, akanisogeza kwa mkono, akalichimba, akaliacha jembe pale shimoni.

Alipomaliza alibaki amesimama kati ya kaburi na maharage ya mtu mwingine, bila mahali pa kuweka mguu wake. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Mushaki. Chini yetu mashina yote yalikuwa yamelala kwenye mteremko, mizizi juu, yanangoja kupandwa kabla mvua haijaja.

"Shangazi," nikamwuliza, na sauti yangu ilikuwa imeishiwa hasira, ilikuwa na woga tu. "Sasa tutajenga wapi?"

Alitazama ule mteremko wote, kutoka ukingoni mpaka kwenye majivu ya zamani, akatafuta, akarudia kutafuta.

"Sijui," akasema. "Leta jembe."

Nikaleta.